Nilitia Maji Kwenye Petroli ya Binti Yangu

Mwaka wa 1981, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba yangu alifariki na shule ikaniishia darasa la nne. Tangu hapo nimekula jasho langu mwenyewe. Nimebeba watu kwa boda ya baiskeli pale mpakani Busia, nimebeba magunia ya mahindi, na mara moja nimebeba jeneza, na mwenye jeneza hakulalamika.

Nasema hayo ili ujue anayeungama hapa si mtu wa kubembelezwa. Nilikosa. Nilimkosea binti yangu nikiwa na akili zangu timamu, kwa jerikeni la lita tano, na sina wa kusingizia. Shida ile ya utotoni ililetwa na Mungu. Hii nilijitafutia nikiwa na mvi.

Nitamwita Nafula. Si jina lake. Ni nesi hapa Doha, na nilimsomesha kwa spana, maana mimi ni fundi wa pikipiki. Nina gereji Muaither, tunatengeneza zile pikipiki za vijana wanaopelekea watu chakula. Kwa kuwa jina lake la kweli ni la mama yangu mzazi, mimi humwita Mama.

Sasa Ijumaa moja baada ya ibada tulikuwa kwangu, tunakula ugali na matumbo. Tulikuwa watatu: mimi, Nafula, na rafiki yangu Ssalongo. Huyu ni Mganda, baba wa mapacha, anachunga chumba baridi cha nyama kule Abu Hamour. Nafula akanawa mikono, akasema:

"Baba, mwezi wa saba nikipata likizo naenda Bolivia. Nataka kuizunguka kwa pikipiki."

"Bolivia ni nani?"

"Ni nchi, Baba. Iko Amerika Kusini."

"Una shangazi huko?"

"Sina."

"Kuna kazi umepata huko?"

"Hapana."

"Basi mahali hakuna kazi wala shangazi unaenda kufanya nini?"

Ssalongo akacheka mpaka akapaliwa. "Mzee, acha mtoto aone dunia. Sisi tumeona nini? Mimi nimeona nyama iliyoganda, wewe umeona mchanga."

Mimi nikaona hapa nitashindwa kwa maneno, maana wasomi wana maneno. Nikaleta kitu ninachokijua. Nikamwambia, mbele ya Ssalongo, kwamba fundi ni mimi na mitihani nitatoa mimi. Akishinda yote, nitasimama kanisani nimbariki hadharani. Akianguka mmoja, Bolivia khalas, imekwisha, na mwezi wa saba aende nyumbani kumsaidia mama yake kupalilia.

Nafula akanyoosha mkono. Tukashikana. Na nikiri kwamba siku hiyo moyoni nilikuwa nafurahi. Nilijua nitampa mitihani ya kweli, na nilikuwa na hamu ya kumwona.

Kilichoniharibu ni maboksi mawili.

Nafula aliagiza nguo za safari, akazileta zikae gereji kwa sababu chumba chao cha manesi ni kidogo. Boksi la kwanza lilikuwa na jaketi la saizi yake, glavu zake, suruali yake. Sawa. Boksi la pili nalifungua, ndiyo, nalifungua, gereji ni yangu, nakuta jaketi la mwanamume. Mabega mapana. Glavu za mikono mikubwa. Na suruali yenye kiuno cha mtu aliyekula vizuri maishani.

Nikaketi juu ya tairi. Kumbe ana mwanamume. Na mwanamume mwenyewe ana kitambi.

Ndugu msomaji, kuanzia siku hiyo kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nahesabu matumbo. Kuna mhasibu mmoja, mtu wa heshima, mwimba besi, nilimkazia macho Ijumaa mbili mfululizo mpaka akahamia upande wa pili wa kwaya. Nilimwendea nikamuuliza kama anapenda pikipiki. Akasema zinampa kizunguzungu. Nikasema moyoni, mwongo huyu, ndiye.

Kumuuliza binti yangu mwenyewe? Sikuweza. Kiburi. Mzee kama mimi aulize, kisha aambiwe "hayakuhusu"? Nikaona njia rahisi ni aanguke mtihani tu, aende kwa mama yake, na mwenye tumbo abaki na jaketi lake.

Basi mitihani ikageuka. Ikawa mitego.

Nikalaza pikipiki chini nyuma ya gereji na mizigo yote juu yake, nikamwambia ainue peke yake, maana huko milimani hakuna wa kumwita. Nilitegemea ashike usukani avute kama kila mtu, ashindwe. Yeye akaigeuzia mgongo, akachuchumaa, akashika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, akasukuma kwa makalio huku anarudi kinyumenyume. Pikipiki ikainuka kama mgonjwa anayesaidiwa kuketi.

"Kila zamu nainua watu wazito kuliko hii," akasema. "Na hii haitukani."

Nikampa pancha. Atoe tairi, azibe tyubu, ajaze kwa pampu ya mkono, juani, bila kuguswa na mtu. Alipoirudisha tyubu, akaibana kwa chuma, ikatoboka tena. Nikainuka haraka. "Umeanguka, Mama."

"Mtihani ni kuziba pancha. Na pancha ipo, naiziba," akajibu, wala hakuinua kichwa. Akaanza upya. Vijana wangu wa gereji wakampigia makofi, nikawafukuza warudi kazini.

Kwenye kufunga mizigo tuligombana kweli. Mimi nafunga mzigo kiboda: juu, nyuma, mpira wa tyubu unavutwa mpaka unalia. Yeye anataka mifuko miwili ya ubavuni, vizito chini, vyepesi juu, na nyuma pasirundikwe kitu. Nikamwambia huo si mzigo, ni viota vya ndege vinavyoning'inia. Akaniambia, "Baba, wewe ulikuwa unaenda soko na kurudi, kwenye lami. Mimi nitaenda wiki tatu kwenye mawe." Tukazijaribu zote mbili kwenye kiwanja chenye mashimo. Mzigo wangu uliinua gurudumu la mbele mpaka nikadhani napaa. Nilisema tu upepo ulikuwa mwingi.

Halafu baridi. Hapa ndipo nilijua nimempata. Mwezi wa saba huku Doha ukigusa usukani unaungua, lakini Bolivia mwezi huo ni kipupwe, na sehemu nyingi ziko juu kuliko mlima wowote niliowahi kukanyaga. Usiku maji yanaganda ndani ya chupa. Nani anaweza kujiandaa kwa baridi kama hiyo akiwa Doha? Jibu likaja lenyewe: Ssalongo.

Tukaenda Abu Hamour. Nafula avae nguo zake za safari, aingie chumba cha nyama, akae humo saa nzima, tena afungue na kufunga boliti kwa vidole vyake. Ssalongo akamwekea kreti ya kukalia kati ya mbuzi waliotundikwa. Nafula akaja na maboksi yote mawili. Akatoa lile jaketi kubwa, akaninyooshea.

"Baba, vaa hili tuingie wote."

Nikalitazama. Nivae nguo ya yule mwimba besi?

"Sivai," nikasema. "Mimi ni mwanamume. Naingia hivi hivi."

"Na shati?"

"Na shati."

Ssalongo akafunga mlango huku anatikisa kichwa. Nafula alikaa ametulia, anakunja na kukunjua vidole, anafungua boliti, anafunga. Mimi nilianza kwa kusimama wima kama askari. Baadaye nikajikuta nimemkumbatia mbuzi mmoja, nikidhani kwa akili yangu kwamba atakuwa na joto kidogo. Ssalongo alinitoa kabla ya muda, meno yanagongana, nikanyweshwa chai ya maziwa kwa kijiko.

"Mzee," akaniambia, "mtihani ulikuwa wa nani?"

Nafula akatoka saa yake ilipotimia, mashavu makavu, akasema vidole vya kushoto vimekufa ganzi kidogo, ataongeza glavu za ndani. Akanitazama kwa huruma. Akalikunja lile jaketi kubwa polepole, akalirudisha kwenye boksi. Nikaona amesikitika kidogo, nikadhani ni kwa ajili ya mwenye jaketi.

Ukabaki mtihani wa mwisho. Jangwa.

Bolivia kuna uwanda wa chumvi tupu, mweupe, mpana kiasi kwamba ukisimama katikati huoni mwisho wake. Vituo vya mafuta ni vya kutafuta. Nikamwambia: utatoka gereji asubuhi, utaingia jangwani upande wa kusini, uzunguke njia niliyokuchorea, utokeze barabarani. Unatumia petroli iliyo kwenye tangi na jerikeni la akiba tu. Mimi nitakuja nyuma yako na pikapu baada ya saa moja. Ukikwama nikakukuta, umeanguka.

Jioni ya kuamkia siku hiyo nilibaki gereji peke yangu. Nikanyonya petroli kwenye tangi lake kwa mpira, nikaacha ya kumfikisha nusu ya njia. Kisha nikachukua jerikeni la akiba, nikamwaga petroli yote, nikajaza maji ya bomba. Nikalifuta vizuri kwa kitambaa. Nikalifunga mahali pake kwa fundo zuri kabisa.

Nilikuwa napiga mluzi.

Kesho yake nilimwacha akaenda. Saa moja ilipopita nikawasha pikapu, nyuma nimeweka katoni za maji ya kunywa na keki, maana nilishapanga hata hotuba. Nitamkuta ameketi kando ya pikipiki, nitashuka taratibu, nitasema, "Pole, Mama. Si nilikwambia?" Kisha ndani ya gari, akiwa na huzuni, nitamuuliza habari za mwenye tumbo.

Nikafika mahali nilipopiga hesabu atakwama. Hakuna mtu. Nikasonga mbele. Hakuna. Alama za tairi lake zikaingia kwenye mawe, zikapotea.

Hapo mluzi wa jana ukakatika.

Nikaanza kufikiri kile ambacho nilipaswa kukifikiria jioni iliyotangulia. Nafula huendesha kwa upole, haungurumishi injini, kumbe petroli kidogo humpeleka mbali. Basi amekwama mbali kuliko nilivyopanga. Amefungua jerikeni. Ameweka maji kwenye tangi. Injini imekufa na haitafufuka. Ana chupa mbili za maji ya kunywa, na jua la mwezi wa nne huku halina mzaha. Maji mengine yote yako kwangu, nyuma ya pikapu, pamoja na keki.

Simu haikuwa na mtandao. Nikaamua kukata njia, nipite katikati nimwahi upande wa pili. Waarabu wana ardhi wanaiita sabkha. Juu ni ukoko mgumu wa chumvi, ukiutazama utadhani ni saruji. Chini ni matope. Mimi nimekaa nchi hii miaka na miaka, nimewaambia wageni wangapi wasiikanyage. Nikaikanyaga. Pikapu ikaenda kidogo, ikatulia, ikakaa chini kama ng'ombe aliyechoka.

Nikajitwika katoni moja kichwani nikaanza kutembea. Viatu vinazama, nanyanyua. Nilikuwa naita "Mama, Mama," nchi nzima kimya. Sijui nilikuwa namwita binti yangu au aliyenizaa. Nilimwahidi Mungu vitu vingi ambavyo tangu hapo tumekuwa tukijadiliana.

Ndipo nikasikia injini. Nyuma yangu, si mbele.

Nafula alikuwa ameshamaliza mzunguko wote. Alitokeza barabarani, hakuniona, akarudi ndani akifuata alama za pikapu yangu. Akasimama mahali pagumu, akavua helmeti.

"Baba, unaenda wapi na hayo maji?"

Nikashusha katoni. "Uko mzima?"

"Mzima."

"Petroli?"

Aliitazama pikapu, akanitazama mimi. "Tutaitoa," akasema. "Tutapunguza upepo kwenye matairi, tutachimba, tutaweka mikeka ya gari chini ya magurudumu. Lakini kwanza niambie. Kwenye jerikeni uliweka nini?"

"Si petroli?"

"Baba."

"Labda vijana wa gereji..."

Akavaa helmeti tena, akawasha injini.

"Maji," nikasema. "Niliweka maji. Na tangi nilinyonya mimi."

Akazima. Akaniambia kwamba kila asubuhi kabla ya kuondoka hutikisa tangi na kunusa jerikeni. Hakusoma hilo popote. Alinisikia mimi nikiwafundisha vijana wa gereji. Alinusa, akajua, akapita kituo cha mafuta akajaza, akaendelea. Alitaka kuona kama nitakiri mwenyewe tukikutana barabarani.

"Na kama nisingenusa?" akauliza.

Nikafanya wafanyavyo watu wenye makosa, nikakasirika. "Na wewe? Huyo mwanamume wako mwenye tumbo unayekwenda naye Bolivia, utaniambia lini?"

"Mwanamume gani?"

"Wa jaketi."

Macho yake yakashuka taratibu mpaka tumboni mwangu, yakakaa hapo.

"Lile jaketi ni lako," akasema. "Nilitaka twende wote. Ndiyo maana nilikwambia uvae tuingie. Nilingoja ufurahie mitihani, halafu nikuombe."

Msomaji, nimepigwa na mwajiri, nimepigwa na polisi wa mpakani, nimepigwa teke na pikipiki yenyewe. Sijawahi kupigwa hivyo.

Tuliitoa pikapu. Tulichimba mpaka alasiri na hatukuongea ila "sukuma" na "ngoja." Barabarani nikamwambia, basi Mama, nimekiri, nisamehe, nitaanza kutafuta viza. Akasema amenisamehe. Akasema pia haendi na mimi.

"Huko nikilala, nataka nilale nikijua aliyefunga mzigo hana neno nami. Nikiwa nawe sitalala. Nitakuwa naamka kunusa."

Nilidhani ni hasira ya wiki moja. Mimi namjua, nilimzaa. Nikangoja anirudie. Nikamtuma Ssalongo aniombee, akarudi mikono mitupu, si mitupu kabisa, akarudi amevaa jaketi. Nafula alimpa. Mpaka leo analivaa kazini, na kila nikienda kununua nyama anageuka geuka mbele yangu aniulize kama linamkaa vizuri mgongoni.

Ijumaa iliyofuata nilisimama kanisani nikambariki, kama nilivyoahidi, maana mitihani alishinda. Watu wakapiga makofi. Mwimba besi akapiga kuliko wote, nadhani kwa ahueni ya kutokaziwa macho tena. Hakuna aliyejua habari ya maji.

Alienda na mwenzake wa wodini, Mfilipino, msichana mfupi asiyejua kutofautisha plagi na boliti. Picha alimtumia mama yake kule nyumbani Bungoma, mama yake akanitumia mimi. Chumvi nyeupe, pikipiki mbili, na pembeni ya kila picha mimi najiona mahali sipo.

Alinipigia mara moja tu. Huku ilikuwa mchana, kwao asubuhi, nasikia sauti inatetemeka kwa baridi. Pikipiki ya Mfilipino haiwaki. Nikamuuliza wamevuta choki, ile ya kuongeza petroli injini ikiwa baridi, muda gani. Mrefu, akasema. Nikamwambia huko juu hewa ni chache, mmeizamisha plagi kwa petroli. Toa plagi, ifute, ipashe moto mkononi au ndani ya nguo. Geuza pikipiki, injini ielekee jua, kisha muifunike kwa blanketi, mnywe chai bila haraka. Jaribu tena bila choki. Nikakaa na simu sikioni, kazi ya watu inaningoja, mpaka nikasikia injini inakohoa, inashika.

"Imewaka," akasema.

"Iache ipate moto kwanza, usiikimbize."

"Sawa. Asante, fundi."

Akakata. Alisema fundi. Hakusema Baba.

Amerudi salama, amekonda, amejaa hadithi ambazo namsikia akiwasimulia wengine. Tunasalimiana vizuri. Ananiita Baba tena, tangu Krismasi.

Basi wewe mzazi unayesoma hii, hasa wewe uliyetoka chini kama mimi na unadhani kwa kuwa uliwavusha watu wote basi wewe ndiye daraja, nisikilize. Ukiona boksi lisilo lako, uliza ni la nani. Swali huaibisha kwa dakika moja tu. Na kama mtoto wako anakwenda mbali, mfundishe pancha, mfundishe kufunga mzigo, mtie ndani ya friji ya nyama ukitaka, lakini ukimpa jerikeni, liwe na kile ulichomwambia kimo. Mitego ni ya panya. Mimi nilijifanya mjanja, na nimebaki Muaither.

Leo nina nusu ya gereji, nusu nyingine ni ya Mqatari aliyenidhamini. Nina pikapu moja nyeupe. Nina ploti mbili Bungoma, moja ina nyumba ya matofali na bati jekundu. Ng'ombe watatu. Mke mmoja, mvumilivu. Meno yangu yote isipokuwa mawili. Na pasipoti mpya, niliyoitafuta kwa haraka mwezi ule wa nne, ambayo haijagongwa muhuri.